Chanjo ya ng'ombe iliyootesha miti Serengeti

Kila nikipeleka wanafunzi Serengeti swali la kwanza ni lile lile, simba yuko wapi. Sawa, simba tutamtafuta, ila mi huwa nawasimamisha kwanza penye migunga nawaambia haya angalieni hii miti, mnaona nini? Wanaona miti tu. Mpaka siku moja binti mmoja akasema, mwalimu, mbona kama yote ni rika moja? Haswaa, hapo ndo penyewe.

Shuleni tulichorewa nani anamla nani, jani, swala, simba, mshale hapa mshale pale, mtihani ukapita tukasahau. Kumbe kwa miaka zaidi ya 70 bosi wa wote hao pale Serengeti alikuwa kirusi cha sotoka, ugonjwa hatari wa ng'ombe unaoshika hata nyati na nyumbu. Kiliingilia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, muda si mrefu kiko huku kwetu, ng'ombe wa Wamasai wakateketea, nyati na nyumbu nao hivyo hivyo, na njaa iliyofuata ikaua watu vibaya mno. Halafu hakikuondoka. Ndama wa nyumbu alikuwa na kinga aliyoipata kwa mama yake, kinga ikiisha baada ya miezi kadhaa naye ndo kwaheri, yaani kila mwaka nyumbu wanazaa sotoka inavuna.

Miaka ya 1950 watu wa mifugo wakaanza kuchanja ng'ombe kwa nguvu maeneo yanayozunguka hifadhi, na kule Muguga, Kenya, daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake wakapata chanjo bora kuliko za mwanzo. Sa angalia, hamna nyumbu hata mmoja aliyekamatwa akachomwa sindano! Walichanjwa ng'ombe tu, na kufika 1963 sotoka ikapotea kwa nyumbu. Miaka yote wanyama pori ndo walikuwa wanalaumiwa kwamba wanaambukiza mifugo, kumbe ugonjwa ulikuwa unaishi zizini. (Dunia nzima sotoka ilitangazwa kwisha 2011.)

Nyumbu waliokuwa kama 250,000 mwaka 1961, ilipofika 1977 ni milioni 1.3. Wote hao wanakula majani. Na majani marefu yakikauka kiangazi ni kama umemwaga petroli, moto ukipita unaunguza miche ya miti kabla haijafika kimo cha kuokoka, kila mwaka inachipua inaungua, inachipua inaungua. Nyumbu walivyoyafyeka yale majani moto ukakosa cha kula, miche ikapata nafasi ya kupanda juu kwa pamoja, ndo lile rika moja aliloliona yule binti, na wanaopiga hesabu za kaboni wanasema mbuga iliyokuwa inaipeleka kaboni hewani kwa moshi ikaanza kuihifadhi kwenye miti na udongo. Mi hii habari nimeifundisha miaka na bado inanishangaza, daktari wa ng'ombe anachoma sindano kijijini, miti inaota kilomita kibao kutoka hapo.

Mtu ataniuliza, simba je, si wangewapunguza hao nyumbu? Aah wapi. Simba ana eneo lake na watoto wa kulea, hawezi kufuata msafara wa nyumbu mpaka Maasai Mara kule Kenya na kurudi, anakula wakipita, wakishaondoka anahangaika na ngiri. Kinachowabana nyumbu ni uhaba wa majani kiangazi basi, ndo maana idadi ilipanda weee ikafika mahali ikagota, na ukame wa 1993 uliwapunguza kwa malaki.

Ila sifa zote nisiwape nyumbu, ntakuwa nadanganya. Miaka ya 1980 majangili waliua tembo wengi sana pale, na tembo ndo mvunja miti namba moja, kwahiyo migunga ilipata nafuu mara mbili, moto umepungua na tembo nao wamepungua. Sa hivi tembo wamerudi. Ile migunga ninayosimamishia wanafunzi, safari ya mwisho nimekuta mitatu imelala chini, mizizi juu.