Hank Aaron hakuwa mtu wa homurani tu

Waulize mashabiki wa besiboli Hank Aaron alikuwa nani, wengi watakujibu kwa namba moja: 755. Hizo ni homurani zake, yaani mapigo yaliyovusha mpira ukuta wa uwanja, naye akazunguka vituo vyote vya uwanjani na kurudi kituo cha nyumbani, alikoanzia, bila kuguswa. Namba hiyo ni ya kweli. Yanayosemwa kuihusu ndiyo mara nyingi si kweli.

Dhana: alikuwa mtu wa nguvu, hana kingine.

Ziondoe homurani zote 755. Aaron anabaki na mapigo halali 3,016, yaani yaliyomfikisha kituoni salama, na mpigaji anayefikisha 3,000 huhesabiwa miongoni mwa vigogo wa mchezo huu. Mwaka 1956, na tena 1959, aliongoza Ligi ya Taifa, mojawapo ya ligi mbili kuu za Marekani, kwa wastani wa upigaji. Wapiga homurani wengi hukosa mpira ovyo, lakini yeye hakuwahi kutolewa kwa straiki tatu (mipira aliyoikosa au kuiacha ilipofaa kupigwa) mara 100 katika msimu mmoja.

Kipimo ninachokipenda mimi ni jumla ya vituo. Pigo la kukufikisha kituo cha kwanza ni 1, cha pili 2, cha tatu 3, na homurani 4. Aaron alikusanya 6,856. Anayemfuata ni Albert Pujols, aliyestaafu 2022 akiwa na 6,211. Kituo hadi kituo ni mita 27 na ushee, kwa hiyo pengo kati yao ni zaidi ya kilomita 17.

Dhana: alidumu tu, hesabu zikajijaza zenyewe.

Hii huniudhi. Ni kweli hakuwahi kufikisha homurani 50 kwa msimu; kilele chake ni 47, mwaka 1971. Lakini kwa misimu 20 mfululizo, 1955 hadi 1974, hakushuka chini ya 20. Mwaka 1973, akiwa na miaka 39, alipiga 40 katika mechi 120 tu. Huyo si mtu anayejikokota kumalizia siku zake.

Dhana: Marekani nzima ilimshangilia alipompita Babe Ruth, mzungu aliyeshikilia rekodi ya homurani.

Aaron alizaliwa Mobile, Alabama, mwaka 1934, na kabla ya kufika ligi kuu aliichezea Indianapolis Clowns, timu ya ligi ya weusi. Alimaliza msimu wa 1973 akiwa na homurani 713, moja pungufu ya Ruth, akalazimika kusubiri hadi msimu uliofuata. Barua zilimiminika. Nyingi zilimtia moyo. Nyingine nyingi zilimtukana kwa rangi yake na kuapa kumuua kama angeigusa rekodi ya mzungu. Alitembea na mlinzi mwenye silaha.

Tarehe 8 Aprili 1974, jijini Atlanta, mrushaji Al Downing wa Los Angeles Dodgers alimrushia mpira, Aaron akauvusha ukuta: 715. Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Alipokuwa akizunguka, vijana wawili wazungu waliruka uwanjani, wakakimbia sambamba naye wakimpiga mgongoni. Walikuja kumpongeza, ila tafakari ilivyokuwa kwa mtu ambaye kwa miezi mingi alikuwa akiahidiwa risasi. Mama yake, Estella, alimpokea kwenye kituo cha nyumbani, akamkumbatia kwa nguvu. Barua zile za chuki Aaron hakuzitupa. Alizihifadhi.

Dhana: Barry Bonds, mpigaji aliyekuja baadaye, alizifuta rekodi zake.

Bonds alimpita kwa homurani tarehe 7 Agosti 2007, na akaishia na 762. Jumla ya vituo bado ni ya Aaron. Mikimbio, yaani pointi, 2,297 iliyopatikana kwa mapigo yake bado haijafikiwa na mtu.

Wapo pia wanaodhani aliingizwa Ukumbi wa Mashujaa wa Besiboli kwa kauli moja. Mwaka 1982 wapiga kura walikuwa 415. Waliomchagua ni 406.