Stephen Crichton na kazi ngumu ya senta

Vijana ninaowafundisha safu ya nyuma wakiniuliza wamtazame nani ili wajifunze kuzuia, huwa nawatajia Stephen Crichton, mchezaji wa raga anayecheza senta, yaani anayesimama ndani kidogo ya winga. Ni Msamoa, alizaliwa Apia mwaka 2000 na kukulia magharibi mwa Sydney, Australia. Watu wengi humsifia trai zake, yaani anavyoufikisha mpira nyuma ya mstari wa wapinzani na kuugusisha chini. Mimi namwona kwanza kama mlinzi, na trai zake kubwa kabisa zimetokana na ulinzi huo.

Kwetu Kenya ukisema raga watu wanawaza wachezaji 15, au wale saba, na Samoa tunaijua kwa hao saba. Crichton anacheza raga ya ligi. Kila upande una wachezaji 13, mtu akiangushwa hakuna kugombania mpira, na timu ikikabwa mara sita inaukabidhi kwa wapinzani. Trai ni pointi 4, teke la baada ya trai 2, na teke la kudondosha, pale mchezaji anapoudondosha mpira chini na kuupiga kati ya milingoti, kwa kawaida 1. Kila mtu anapokabwa, walinzi wanarudi mita 10, na hapo ndipo mateso ya senta yanapoanzia.

Wapinzani wanamjia na watu wengi kuliko alio nao. Mwenye mpira yuko mbele yake, fulbeki anakuja kasi nyuma ya huyo, na winga amebana kwenye chaki ya pembeni akisubiri pasi ndefu. Senta anaweza kuteleza kuelekea pembeni, akawaachia mita kadhaa ili asipitwe. Au anaweza kuingia ndani aukate mpira kabla haujafika. Akichelewa kidogo tu, winga anaingia trai bila kuguswa, na uwanja mzima unajua kosa ni la nani. Wengi huchagua kuteleza, na siwalaumu.

Sasa tazama fainali ya mwaka 2021 ya NRL, ligi kuu ya raga hiyo Australia, kule Brisbane, Penrith Panthers dhidi ya South Sydney. Matokeo ni 8-8, dakika ya 67. Cody Walker wa South Sydney anarusha pasi ndefu kuelekea kushoto kwake, pasi aliyowaua nayo watu msimu mzima. Crichton anaingia katikati ya njia, anaunyaka mpira, na mbele yake ni nyasi tupu. Penrith walishinda 14-12. Ukiirudia video, acha kuufuata mpira, yafuate macho yake. Anamtazama mrushaji, na anaanza kuondoka mpira ukiwa bado mikononi mwa Walker. Mlinzi anayesubiri mpira urushwe ndipo aondoke huwa ameshachelewa.

Fainali hiyo ilikuwa ya pili kati ya nne mfululizo alizocheza na Penrith, 2020 hadi 2023, na alifunga trai katika zote nne. Ya kwanza walipoteza kwa Melbourne Storm, tatu zilizofuata wakatwaa ubingwa. Ile ya 2023 walikuwa nyuma 24-8 mbele ya Brisbane Broncos wakageuza 26-24, na trai yake ilikuwa sehemu ya kugeuza huko.

Lakini kinachonigusa zaidi ni Kombe la Dunia la 2022, Uingereza. Kanuni za raga ya ligi zinamruhusu mchezaji kucheza mechi za kila mwaka za majimbo ya Australia, New South Wales dhidi ya Queensland, ambazo Crichton alianza kuzicheza mwaka huo huo, na bado akaiwakilisha nchi ndogo kama Samoa. Yeye na wenzake Jarome Luai, Brian To'o na nahodha wa Samoa, Junior Paulo, wangeweza kusubiri jezi ya Australia. Walivaa ya Samoa, nchi ya watu kama laki mbili.

Mechi ya kwanza, Newcastle, Uingereza iliwafunga 60-6. Nchi nzima ilikuwa na haki ya kukata tamaa. Wiki nne baadaye timu hizo hizo zilikutana London katika nusu fainali. Crichton alinyaka pasi nyingine, akakimbia nayo hadi trai, na Samoa ikaonekana imemaliza kazi. Waingereza wakasawazisha, 26-26, mechi ikaingia muda ambao pointi ya kwanza ndiyo ushindi. Aliyepiga teke la kudondosha alikuwa ni yeye, senta, wala si mpigaji wa kawaida wa mateke hayo. 27-26. Fainali waliipoteza kwa Australia 30-10 pale Old Trafford, na hata huko alinyaka pasi akafunga. Nimeyaangalia mengi katika raga, na bado sijaona senta aliyesoma mchezo namna hiyo mara tatu kwenye mechi kubwa kiasi hicho.

Mwaka 2024 aliondoka Penrith akajiunga na Canterbury Bulldogs, timu iliyokuwa imemaliza nafasi ya 15 msimu uliotangulia, na akapewa unahodha. Kocha Cameron Ciraldo alimjua tangu alipokuwa msaidizi Penrith. Msimu huo huo Bulldogs walifuzu mchujo wa ubingwa kwa mara ya kwanza tangu 2016, na waliupata kwa ulinzi zaidi kuliko mashambulizi. Watazame wanavyopanda mstari mmoja upande anaosimama Crichton, winga akimfuata yeye na wa ndani akimfuata yeye. Nahodha anayecheza senta analazimika kuongea mfululizo, kwa sababu akiamua kuingia bila kusema, wa pembeni yake anabaki peke yake na watu wawili.