Mashavu yatapungua, usiache kortizoni

Juzi tena. Mama mmoja wa Bagira, hapa Bukavu, mgonjwa wangu wa sarkoidosisi ya mapafu (ugonjwa wa vinundu vya uvimbe, tunaoutuliza kwa prednisoni, aina ya kortizoni), kaletwa na mwanawe akitapika, presha iko chini, kusimama hawezi.

"Mama, prednisoni umeiacha lini?"

"Siku tano, dokta. Jirani alisema ni sumu, inavimbisha uso."

Jirani mwenyewe, nikaja kuambiwa, hununua deksametazoni pale Kadutu ili anenepe! Hizo dawa ni ndugu wa damu, zote kortizoni, na miligramu moja ya deksa inakaribia saba za prednisoni.

Kuvimbisha inavimbisha, sibishi. Sukari inapanda, mifupa inadhoofika. Ninachogombana nacho ni huku kuacha ghafla. Tezi zilizo juu ya figo hutengeneza kortizoli yetu wenyewe. Ukimeza prednisoni wiki nyingi, zinaona kazi ina mtu mwingine, zinalala. Siku unayotupa vidonge hazishtuki usingizini, na mwili unabaki mikono mitupu. Ndiyo maana tunaanza na miligramu 20 hadi 40 kwa siku, halafu tunashuka kidogo kidogo kwa miezi. Ukifika karibu na 5, hapo ndipo pa kwenda kwa unyenyekevu zaidi, ingawa mgonjwa hapo hujiona ameshapona na huanza kukosa miadi.

Tushuke kwa kasi gani hasa? Ngazi zangu ni za mazoea. Mwenzangu ana zake, na wagonjwa wake hawana hali mbaya kuliko wangu. Tena wengi hupona bila dawa yoyote, nami siwezi kuwatambua mapema kwa uhakika kwa radio (picha ya eksirei) ya kifua. Pumzi ikiwa nzuri, moyo na macho viko salama, ninangoja.

Metotreksati, dawa nyingine ya kutuliza ugonjwa huu, ni mara moja kwa WIKI, pamoja na asidi foliki, na si kwa anayetaka mimba. Vidonge vya kalisi (kalsiamu) na vitamini D msijinunulie "kulinda mifupa": vinundu vya ugonjwa huu huamsha vitamini D vyenyewe, kalisi ikapanda hadi figo zikaumia. Na kifua kikuu tukitafute kwanza, maana kortizoni hukipa nafasi.

Mama tulimtundikia dripu ya haidrokortizoni, yaani kortizoli ya dawa, kesho yake akaketi, akanywa uji. Akaniuliza kama vidonge alivyobakiza nyumbani anaweza kumgawia jirani.