Wengi Wape, na Wachache Je?

Vijiwe vya kahawa vya Kariakoo havikosi siasa. Kuna kauli nne nimezisikia huko mara nyingi mno, na naona zinatuumiza.

Dhana: Vyama vingi tuliletewa na wafadhili mwaka 1992.

Ukweli: Shinikizo la nje lilikuwepo. Lakini Zuberi Mtemvu alijitoa TANU mwaka 1958, baada ya mkutano wa Tabora kukubali uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, akaanzisha chama chake, African National Congress (ANC). Mwaka 1962 aligombea urais dhidi ya Mwalimu Nyerere. Aliangushwa vibaya sana, ila wananchi walikuwa na wawili wa kuchagua. Chama kimoja ndicho kilichokuja baadaye, kwa katiba ya mwaka 1965.

Dhana: Demokrasia ni wengi wape, basi.

Ukweli: Msemo huo tumeukata kichwa. Mzima unasema: wachache wasikilizwe, wengi wape. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikazunguka nchi kuwauliza watu. Takriban asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee. Kwa kuhesabu vichwa tu, mjadala ungeishia hapo. Tume ikapendekeza vyama vingi, kwa sababu mtu mmoja katika kila watano si wa kupuuzwa, na hata wengi wa wale waliotaka chama kimoja walitaka kirekebishwe. Mfumo mpya ukaanza Julai 1992.

Kwangu mimi huo ni kati ya maamuzi ya busara kabisa katika historia yetu. Baba yangu mdogo, mkazi wa Magomeni, alikuwa upande wa wengi wakati ule. Leo maoni yake ni ya wachache, na haki anayoitumia kuyasema ni ileile aliyodhani haina kazi.

Dhana: Demokrasia huuawa kwa mtutu wa bunduki.

Ukweli: Mara nyingine huanza kumomonyoka kwa kura halali. Hungary, mwaka 2010, chama cha Viktor Orbán kilipata kama asilimia 53 ya kura lakini theluthi mbili ya viti. Mwaka uliofuata kikapitisha katiba mpya kwa kura za upande wake peke yake.

Dhana: Vyama vikiwa vingi, kila fikra ina mlango.

Ukweli: Kwetu, asiyedhaminiwa na chama hagombei ubunge wala urais. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga hilo mahakamani tangu miaka ya 1990. Mwaka 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, iliamua kwamba katazo hilo linavunja haki. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu. Karatasi za kura za mwaka ule hazikuwa na hata jina moja la mgombea binafsi.