Mtoto wa Kufikia: Nani Amkanye?

Ugomvi wa nyumba yenye mtoto wa kufikia huanza na kitu kidogo: sahani haijaoshwa, chaja haionekani, sare imelala kwenye beseni. Mama wa kambo anasema neno, binti wa miaka 13 anajibu, "Wewe siyo mama yangu." Baba akirudi jioni anasimuliwa mara mbili, kila mmoja na upande wake, naye anaongeza sauti ya taarifa ya habari.

Sisi maofisa ustawi wa jamii huletewa yule mama na yule binti. Mimi hupenda kuanza na baba.

Ukitaja mama wa kambo, watu wanakumbuka hadithi walizosimuliwa utotoni. Ukatili upo, nitaufikia. Ila katika nyumba nyingi tatizo siyo roho mbaya. Mgeni anakabidhiwa watoto pamoja na funguo za kabati: "Hawa ni wanao, walee." Mtoto wa miaka mitatu huzoea upesi. Wa miaka 12 ana kumbukumbu zake, mwili wake unabadilika, na kumwita mwingine "mama" anaona ni kumsaliti aliyemzaa, hasa kama ni marehemu. Msimlazimishe. "Mama mdogo" au "anti" yatosha, na shikamoo haibagui.

Basi mwanzoni anayekanya awe mzazi aliyemzaa. Mwenzake asimamie utaratibu ambao wawili mmekubaliana faragha na mzazi ameutangaza mbele ya wote. "Baba yako alisema simu zinazimwa saa tatu" ni kauli nyepesi kumeza kuliko "nimesema zima simu". Mamlaka yake mwenyewe yatakuja, lakini hesabu miezi, pengine miaka. Na baba ukisikia mashtaka, usihukumu ukiwa mlangoni na begi begani.

Watoto wengine huletwa kwa baba kwa sababu tu wametimiza miaka saba. Hapa watu wengi wamepotoka. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inachukulia kuwa aliye chini ya miaka saba ni vema akae na mama yake, isipokuwa ikithibitika vinginevyo. Haisemi kwamba siku ya kutimiza saba baba aje na bodaboda kumchukua. Wazazi wakishindana, mahakama hutazama masilahi ya mtoto, na maoni yake nayo yana nafasi. Kumhamisha ghafla, katikati ya muhula, kwenda kwa mwanamke asiyemjua, ni kumtwisha yule mwanamke chuki ambayo hakuitafuta.

Kwa baba wa kambo manung'uniko huwa ya fedha: "Nasomesha mtoto wa mwanaume mwingine." Nayaelewa. Mama kuolewa hakumwondolei baba mzazi wajibu wa chakula, mavazi, matibabu na elimu ya mwanawe. Akikwepa, mahakama inaweza kumwamuru atoe matunzo. Hayo wayamalize watu wazima. Mtoto asisomewe hesabu hizo wakati anakula. Na ikiwa sikukuu imefika na mfuko ni mdogo, bora wote wapate kandambili kuliko mmoja avae viatu vipya huku mwenzake akiangalia.

Sasa ukatili. Mtoto anayenyimwa chakula, mwenye alama za kipigo, anayetolewa shule afanye kazi za ndani, au anayeogopa kubaki na mtu fulani nyumbani, huyo hahitaji kikao cha ukoo. Piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, au nenda dawati la jinsia na watoto la polisi au kwa ofisa ustawi wa jamii. Jirani na mwalimu nao wanaweza kutoa taarifa.

Nirudi kwa baba wa taarifa ya habari. Watoto wengi hawamchukii mama wa kambo kama tunavyodhani. Wanaona ndoa imewachukulia baba. Kwa hiyo mimi humwambia baba: Jumamosi nenda sokoni na binti yako, wawili tu, mkeo abaki. Usimhubirie njiani. Mwache abebe kikapu, achague nyanya, aongee akitaka. Wengine hufika nyumbani hawajasema kitu, na wiki inayofuata ndiyo wanaanza.