Hayajakauka, Umesimama Upande Sio

Jana tena. Jamaa, mteja wangu wa safari, kanitumia ile picha ya ukuta wa mwamba mkavu, chini wameandika "Victoria Falls imekauka, dunia imeisha", halafu anauliza kama namrudishia adivansi yake. Napeleka watu Livingstone, mji wa Zambia ulio jirani na maporomoko hayo, kila mwaka na kila mwaka ikifika Oktoba hii picha inafufuka, 2019 ndo ilizagaa mpaka mama yangu akanipigia kunipa pole ya biashara. Sasa naandika mara moja, nikiulizwa tena natuma linki.

Kwanza, maporomoko haya hayapo Mwanza. Usicheke, nimeshaulizwa. Hayana uhusiano na ziwa letu zaidi ya jina la malkia yuleyule. Ni mto Zambezi, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, na wenyeji walishayapa jina siku nyingi kabla yule mzungu David Livingstone hajafika pale 1855: Mosi-oa-Tunya. Hiyo mosi Mswahili hahitaji mkalimani, ni moshi, moshi unaonguruma.

Haya, twende kwenye kinachoniudhi. Watu wanafikiria maporomoko ni bomba moja, limefunguliwa au limefungwa. Hapana bwana. Sio kama Materuni pale juu ya Moshi unasimama chini unapiga selfie umemaliza. Huu ni mto mzima, upana mita 1,708, unadondokea kwenye ufa mwembamba wa mwamba, na sehemu ndefu zaidi inashuka kama mita 108. Na ule ukingo haujalala sawa. Chukua sinia, weka maji, inamisha kidogo tu, uone yanakimbilia wapi. Upande wa Zimbabwe ndo uko chini, hasa kile kipande kinachoitwa Devil's Cataract, upande wa Zambia umeinuka, kwahiyo mto ukipungua Oktoba na Novemba maji yanafuata bondeni kama maji yoyote yale, Zambia unabaki mwamba, Zimbabwe yanaendelea kumwagika. Ile picha imepigwa Zambia. Aliyeipiga angevuka daraja, lile la chuma la 1905, kwa miguu kabisa, angekuta maji. Ila hiyo picha nani angeishea.

Kitu ambacho sisi wa utalii hatupendi kukitaja: Zambia kuna kituo cha umeme kinachochukua maji juu ya maporomoko na kuyarudisha chini kwenye korongo. Kwahiyo kiangazi ule ukavu sio wa Mungu peke yake. Mimi nilikaa miaka nawaambia wateja "ni asili" kwa sababu ni rahisi kueleza, na nadhani wengi tunafanya hivo.

Halafu wapo wa upande wa pili, wanaotaka Aprili maana "maji yamejaa". Kweli yamejaa. Na huoni kitu. Nilimsimamisha dada mmoja kwenye lile daraja dogo la miguu la Knife Edge, upande wa Zambia, mwezi wa nne, poncho ya mvua imemganda mwilini, simu ndani ya mfuko wa rambo, mbele yake weupe mtupu kama amesimama ndani ya wingu, ananipigia kelele sikioni, "Yako wapi sasa?" Yalikuwa hapo hapo mbele yake, miguu inatetemeka kwa mngurumo. Alifurahi, lakini picha hana hata moja.

Na kwanini Aprili wakati mvua za pale zinaishia Machi? Sababu maji sio ya pale. Yanatoka juu kaskazini magharibi mwa Zambia, yanapita Angola, yanarudi Zambia, yanatandaa kwenye mbuga tambarare za Barotse na kukaa huko wiki kadhaa ndo yashuke. Walozi, wenyeji wa mbuga hizo, wanajua hii hesabu kuliko sisi wote, mfalme wao Litunga anahama Lealui kwa mtumbwi mkubwa kwenda Limulunga mbuga ikifurika, ndo sherehe yao ya Kuomboka hiyo, na hawatangazi tarehe mwaka mzima kabla, wanasubiri maji. Nami ningejifunza kwao. Kuna mwaka niliapia kundi kwamba Juni ukungu utakuwa umepungua, tukafika tukalowa chapachapa. Siku hizi nasema Juni mpaka Agosti kwa kawaida ni pazuri, maji yapo na unayaona, ila siapi.

Devil's Pool, kule kuogelea ukingoni kabisa, ni kiangazi tu na unaingilia Zambia. Upinde wa mvua wa usiku unataka mwezi mpevu na maji mengi. Huwezi kupata vyote safari moja, basi.

Jamaa nimeshamjibu. Anaenda Novemba, analala Livingstone, asubuhi anavuka daraja, pasi mkononi, anaangalia maji Zimbabwe, jioni anarudi kuangalia mwamba, na mwamba nao una utamu wake maana ndo unaona ufa ulivyo. Poncho asikodi. Adivansi inabaki kwangu.