"Sijacheza Ulaya, nitarudisha nini?"

Wiki hii nimeisikia tena kule Mwanga, kutoka kwa beki aliyecheza ligi miaka saba. Kabla yake niliisikia Ujiji. Kazi yangu ni kuwanoa wachezaji wastaafu wawe makocha wa watoto hapa Kigoma, na kila darasa jipya halikosi mmoja wa kusema kwamba kurudisha kwa jamii ni kazi ya matajiri.

Si kweli, na imani hiyo inatuumiza. Kipchoge Keino, mwanariadha wa Kenya, alikuwa askari polisi pale yeye na mkewe Phyllis walipoanza kulea yatima nyumbani kwao. Filbert Bayi wetu aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, dakika 3:32.16, enzi ambazo mwanariadha wa ridhaa hakuruhusiwa kulipwa. Leo kuna shule zenye jina lake Kimara na Kibaha.

Wewe beki una kitu ambacho mzazi wa Katonga hana: umeshasaini mikataba. Mzazi huyo anafuatwa na mtu anayejiita wakala, anaambiwa atoe fedha ili mwanawe wa miaka 15 akasajiliwe Ulaya, naye anauza mtumbwi. Ungemkalisha dakika mbili tu ukamweleza kuwa FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishiwa klabu ya nje ya nchi, isipokuwa kwa sababu chache zilizoandikwa kwenye kanuni, mtumbwi ungekuwa bado majini.

Halafu kuna daftari. Wanafunzi wangu wamechoka kunisikia nikilitaja, lakini sitaacha. Mchezaji akiuzwa klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Aliyekaa kwako tangu 12 hadi 15 anakuachia asilimia 1 ya ada yote. Ila klabu iwe imesajiliwa na mtoto awe na usajili unaotambuliwa na TFF, shirikisho letu la soka. Ukimfundisha kienyeji hupati hata senti. Muone afisa michezo wa halmashauri, na tangu siku ya kwanza andika jina, tarehe ya kuzaliwa na siku mtoto aliyojiunga. Daftari la kurasa mia linatosha.

Wengine hudhani jengo likishasimama msaada umekamilika. Ng'ambo ya ziwa letu, nchini Kongo, Dikembe Mutombo wa mpira wa kikapu alijenga Kinshasa hospitali ya vitanda 300 yenye jina la mama yake, ikafunguliwa mwaka 2007. Hospitali inadai dawa, umeme na mishahara kila mwezi. Hata kituo chako kidogo kitadai, basi hesabu mipira ya mwaka wa pili kabla hujagawa jezi za mwaka wa kwanza.

Na eti aliyecheza vizuri atafundisha vizuri. Hapana. Nimemkuta mshambuliaji wa zamani akiwazungusha watoto wa miaka tisa uwanja mzima, mizunguko minane, mipira imefungiwa ndani ya mfuko wa wavu. Nilimwomba aifungue. Kozi ya awali ya ukocha ni ya siku chache tu, naye bado ananiahidi atakuja.